Kupima hali ya samaki na kipato cha wavuvi katika uvuvi wa ringneti: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yaleyale kila mara. Nipime samaki wangapi? Niandike ndoo au kilo? Dodoso la kaya nilipeleke lini? Mbona namba zangu zinasema samaki wapo tele, na wavuvi wanasema bahari imekauka? Nimeandika haya ili wewe mwanafunzi, afisa uvuvi mpya au mjumbe wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi ufukweni) upate pa kuanzia bila kupoteza msimu mzima.

Nitazungumzia uvuvi mmoja tu: ringneti za dagaa na vibua katika mwambao wetu, Kilwa, Tanga, Unguja na Pemba, hadi Vanga na Kipini upande wa Kenya. Ukiwa kwenye uvuvi mwingine wa nyavu, hatua nyingi zitakufaa, ila badilisha vipimo.

Kwa ufupi kwa asiyeujua: wavu mrefu wa mamia ya mita huzungushwa kundi la samaki. Juu kuna maboya, chini kuna risasi na pete, na kamba iliyopita kwenye pete ikivutwa, wavu unafungwa kwa chini. Usiku wa giza samaki huvutwa kwa taa. Mchana nahodha hutafuta kundi kwa macho. Chombo kimoja hubeba mabaharia kati ya 20 na 40. Kwa hiyo usiku mmoja wa kukosa unagusa nyumba nyingi, na usiku mmoja wa kupata unaweza kushusha bei ya diko zima, yaani ufukwe wanaposhushia na kuuzia samaki.

Shauri langu kubwa nalisema mapema. Usipime samaki mwezi huu na maisha ya watu mwezi ujao. Pima vyote kwa chombo kilekile, safari ileile, fomu ileile: kilo zilizoshuka, lita za mafuta zilizoungua, bei ya mnadani, na kilichobaki mkononi mwa baharia. Ukivitenganisha utapata ripoti mbili ambazo hazizungumzi, na swali la wavuvi hutalijibu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kibali cha utafiti, kama wewe ni mtafiti: COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) kwa Tanzania, NACOSTI (tume kama hiyo) kwa Kenya. Zanzibar ina utaratibu wake, uliza mapema. Barua ya wilaya pekee haitoshi.
- Ridhaa ya uongozi wa diko: BMU, au kamati ya uvuvi ya shehia ikiwa uko visiwani.
- Mzani wa kuning'iniza wa kilo 50, na mzani mdogo wa jikoni unaosoma gramu.
- Ubao wa kupimia samaki wenye rula na kizuizi mwisho mmoja. Fundi seremala yeyote atakutengenezea. Hakikisha tu sifuri ya rula inaanzia kwenye kizuizi chenyewe.
- Ndoo mbili za aina inayotumika hapo diko. Usilete za kwenu.
- Fomu za karatasi na penseli. Simu yenye KoboToolbox (programu ya kujazia fomu) ni nzuri, lakini mikono yenye maji ya dagaa na kioo cha simu havipatani. Andika kwenye karatasi, ingiza kwenye simu ukiwa umekaa.
- Kalenda ya mwezi wa angani, na jedwali la maji kujaa na kupwa.
- Kisu kidogo, glavu, na mfuko wa nailoni wa kufunika fomu.
- Mtu wa diko hilo wa kufanya naye kazi, umlipe. Msaidizi aliyeletwa kutoka chuoni huchukua wiki kujua nani ni nahodha na nani ni mchuuzi.

Hatua ya 1. Kaa diko bila kupima chochote

Siku tatu au nne za mwanzo usibebe ubao. Salimia, jitambulishe kwa mwenyekiti, kaa palipo na kivuli, angalia. Vyombo hushuka saa ngapi? Samaki hupitia mlango gani? Wapi mnada, wapi wanachemshia dagaa, wapi wanaanika? Ni nani anayeondoka na kitoweo kabla ya mnada?

Hilo la kitoweo liandike kwa wino mzito. Kila baharia huchukua samaki wa kwenda nao nyumbani, na wengine huuza sehemu yake pembeni. Vijana waliosaidia kuvuta au kubeba nao hupewa. Ukihesabu kilichonadiwa tu, umeacha samaki wengi nje, na umeacha chakula cha nyumbani ambacho ndicho nusu ya habari ya kipato.

Siku hizo hizo eleza wazi unakusanya nini, na kwamba hutataja jina la mtu wala la chombo kwenye ripoti. Amua mapema pia utafanya nini ukiona wavu wenye macho madogo kuliko inavyoruhusiwa. Ukiwa mtafiti, msimamo unaofaa ni kupima na kunyamaza. Ukiwa afisa uvuvi mwenye mamlaka ya kukamata, watu watakuficha, na takwimu zako zitakuwa safi kupita ukweli. Katika hali hiyo mwachie mwingine akusanye.

Hatua ya 2. Hesabu vyombo vinavyofanya kazi

Usitegemee daftari la leseni. Ndani yake kuna vyombo vilivyokufa, vilivyouzwa, na vilivyohamia diko jingine. Na nje yake kuna wavuvi wa dago (wanaohamia kambi za muda) waliokuja juzi kutoka Pemba au Tanga, ambao huenda ndio wanaoshusha samaki wengi kuliko wote.

Zunguka ufukwe mwenyewe. Kwa kila chombo andika: urefu, nguvu ya mashine, urefu na kina cha wavu, ukubwa wa macho, idadi ya taa, idadi ya mabaharia, na kama kinavua usiku, mchana au vyote. Macho ya wavu yapime kwa kuvuta macho kumi kwa pamoja, kisha gawanya kwa kumi. Jicho moja moja litakudanganya. Usimuulize mwenyewe ukubwa wa macho. Utaambiwa ukubwa wa kisheria.

Tenga makundi mawili tangu hapa: vyombo vya taa usiku, na vyombo vya kutafuta kundi mchana. Samaki wao ni tofauti, mafuta yao ni tofauti. Wastani wa makundi yote mawili hauelezi lolote kati yao.

Hatua ya 3. Panga siku kwa mwezi wa angani, si kwa kalenda ya ofisi

Ofisi inataka "siku kumi kwa mwezi, Jumatatu hadi Ijumaa". Ringneti ya taa haijui Jumatatu. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti samaki vizuri, na vyombo vingi hukaa ufukweni watu wakishona nyavu. Mzunguko mzima ni siku 29 na nusu hivi. Gawanya kipindi cha giza katika vipande vitatu, mwanzo, katikati na mwisho, kisha chagua siku kwa kura ndani ya kila kipande. Weka pia siku mbili za mbalamwezi, ili uthibitishe kwa macho kwamba hakuna aliyetoka. Mara nyingine watatoka wawili, na hao ndio wenye deni kubwa.

Kipindi kimoja cha giza hakitoshi. Majira ya upepo wa kaskazi na ya kusi ni kama bahari mbili. Kusi likichachamaa vyombo vidogo havitoki, mafuta yanaungua zaidi, na dagaa hawakauki kwa sababu ya mvua za masika, hata bei ya mbichi ikaanguka. Ukikusanya Januari na Februari peke yake utaandika juu ya uvuvi uliochangamka, na wenyewe watakushangaa. Mwaka mmoja mzima ndio kipimo cha chini cha heshima. Kama bajeti ni ndogo, punguza siku kwa mwezi, usipunguze miezi.

Hatua ya 4. Chagua vyombo, na usivikimbie vilivyokosa

Siku ya kupima, hesabu vyombo vyote vilivyotoka usiku huo. Kisha pima kila cha tatu kinachofika, au kila cha pili kama ni vichache. Usimchague unayemjua, na usikimbilie kule ambako wachuuzi wamejazana.

Hapa ndipo makosa makubwa yanapofanyika. Chombo kilichorudi kapa hakina samaki wa kupima, kwa hiyo mkusanyaji hukiruka na kwenda kwenye chenye samaki. Jioni wastani wake ni wa waliopata tu. Chombo kilichokosa kina fomu yake kamili: kilo 0, mafuta lita kadhaa, saa za baharini, mara ngapi wavu ulizungushwa, na deni walilorudi nalo. Fomu yenye sifuri ni fomu ya thamani, iweke sawa na nyingine.

Uliza pia vilivyoshusha kwingine. Bei ikiwa nzuri diko la jirani, nahodha anapeleka huko, au anauza kwa boti ya mchuuzi hukohuko majini. Hiyo nayo ni safari.

Hatua ya 5. Geuza ndoo kuwa kilo

Diko linahesabu kwa ndoo, wewe unahitaji kilo, na ndoo si moja. Iko ndoo ya lita 20 iliyojaa hadi ukingoni, iko ya kilele, na iko iliyopanuliwa kwa moto ikabeba zaidi. Fanya hivi:

1. Jaribu mzani kwanza. Ndoo yenye lita 20 za maji ya bomba lazima iongeze kilo 20 juu ya uzito wa ndoo tupu. Mzani ukisoma vingine, urekebishe au uutupe. Rudia kila wiki, maana chumvi inakula springi.
2. Pima ndoo tupu, toa uzito wake.
3. Pima ndoo zisizopungua 20 za dagaa na 20 za vibua, kutoka vyombo na siku mbalimbali, kwa ujazo uleule unaotumika mnadani.
4. Toa wastani kwa kila aina ya samaki, kila aina ya ndoo, na kila aina ya ujazo.
5. Rudia kusi likiingia. Ukubwa wa samaki hubadilika, na uzito wa ndoo nao.

Usipime dagaa waliochemshwa ukawaandika mbichi. Wakisha kuchemshwa na kukaushwa wanabaki sehemu ndogo tu ya uzito wao. Kama soko la diko lako ni la kavu, kama lilivyo soko la dagaa wa Zanzibar wanaosafirishwa bara na mpaka Kongo, tafuta mama mmoja akuruhusu upime mzigo wake ukiwa mbichi, kisha uupime tena ukikauka.

Hatua ya 6. Andika jitihada, si safari tu

Kwa kila chombo ulichochagua, muulize nahodha au mwenye mashine kabla hajaondoka:

- Mmetoka saa ngapi, mmerudi saa ngapi?
- Mmezungusha wavu mara ngapi, ngapi zimepata?
- Mafuta lita ngapi? (Uliza ya kununua na yaliyobaki, kisha toa mwenyewe.)
- Taa ngapi?
- Mabaharia wangapi?
- Mmevua upande gani? Jina la bahari wanalolitumia wao linatosha. Usidai ramani ya simu. Hiyo ni siri ya kazi ya mtu.

Kwa nini yote haya? Samaki wa makundi wakipungua hawatawanyiki, hukusanyika. Taa huwakusanya zaidi, na nahodha mzuri huwafuata waliko. Kwa hiyo kilo kwa safari zinaweza kubaki palepale huku samaki baharini wakiisha. Wakanada waliliona hilo kwa chewa wa kaskazini (cod) wa Newfoundland, mashariki ya Kanada: meli za kibiashara ziliendelea kupata kilo nzuri kwa saa miaka ya 1980, makadirio yakategemea namba hizo, na tarehe 2 Julai 1992 uvuvi ukafungwa kwa sababu samaki walikuwa karibu kwisha. Kipimo cha kilo kwa safari usikitupe, lakini kisimame pamoja na kilo kwa lita ya mafuta, kilo kwa saa, na mara ngapi wavu umezungushwa bure. Kwa ringneti, kama ningelazimishwa kubaki na kimoja, ningebaki na kilo kwa lita.

Hatua ya 7. Pima urefu: samaki wachache, vyombo vingi

Swali la "samaki wangapi" linajibiwa hapa, na jibu huwashangaza wengi. Samaki wa kundi moja hulingana ukubwa. Ukipima vibua 200 kutoka chombo kimoja, umepima kundi moja mara 200. Afadhali 30 kutoka kila kimoja cha vyombo vinane kuliko 240 kutoka kimoja.

Chukua kabla wachuuzi hawajachambua. Mchambuaji akishapita, wakubwa wameondoka. Chota kutoka juu, katikati na chini ya rundo, kwa sababu wadogo huteleza chini. Dagaa chota nusu kilo, pima wote waliomo, pamoja na watoto wa samaki wengine utakaowakuta. Hao waandike kwa majina. Ndio watakaoleta mabishano baadaye.

Vibua pima kutoka mdomo hadi kwenye panda ya mkia. Dagaa pima hadi ncha ya mkia, kwa nusu sentimita. Amua siku ya kwanza, andika kwenye fomu kwa herufi kubwa, usibadilishe. Fomu zilizochanganya vipimo viwili haziponi.

Kila mwezi pasua vibua 50 hivi wa ukubwa mbalimbali, wanunue, na uangalie mayai. Kipimo cha ngazi tano kinatosha: changa, anayeanza kukua, anayekomaa, aliyeiva, aliyekwisha taga. Baada ya mwaka utajua urefu ambao nusu ya samaki wamekomaa katika bahari yako, na miezi ya kutaga. FishBase (hifadhidata ya samaki mtandaoni) itakupa namba za kuanzia, lakini nyingi zimetoka bahari nyingine. Zitumie kama mwongozo wa muda mpaka upate zako.

Halafu jiulize maswali matatu tu. Asilimia ngapi ya waliovuliwa wamekwisha komaa? Asilimia ngapi wako kwenye ukubwa wa kati unaotoa nyama nyingi kwa kundi zima, ambao kwa samaki wengi ni karibu theluthi mbili ya urefu wao wa mwisho? Na je, wazee wakubwa bado wanaonekana? Usikimbilie programu ya kompyuta inayotoa namba moja ya "hali ya samaki" kabla ya kujibu haya. Nyingi ya programu zinazotumia urefu zinachukulia kwamba wavu huwapata wakubwa wote sawasawa, na wavu unaofuata makundi hauko hivyo.

Hatua ya 8. Fuata shilingi mpaka nyumbani

Fuata pesa ya safari ileile. Uliza mnadi au karani wa chombo, si mabaharia kumi kwa mpigo. Mfano wa hesabu, namba ni za kuonyeshea tu:

- Mauzo: ndoo 40 × sh. 30,000 = 1,200,000
- Mafuta lita 60 × 3,000 = 180,000
- Chakula 40,000. Kuchaji taa na barafu 30,000. Ushuru na mnadi 50,000
- Kinachobaki: 900,000
- Nusu ya tajiri, yaani mwenye chombo (chombo, mashine, wavu): 450,000
- Nusu ya mabaharia: 450,000. Watu 25, lakini nahodha ana mafungu 2, fundi wa mashine na mtu wa taa 1.5 kila mmoja, wengine 22 fungu moja moja. Jumla mafungu 27. Fungu moja ni kama 16,700.

Sasa weka usiku wa jana walioukosa. Mafuta, chakula na taa, 250,000, havikulipwa na mtu. Vinatolewa leo kabla ya mgao. Kinabaki 650,000, nusu 325,000, fungu 12,000 hivi. Usipouliza deni la jana utaandika 16,700 na ripoti yako itakuwa na mabaharia matajiri.

Mgao hautofautiani kwa mikoa tu, hata vyombo viwili vya diko moja havigawi sawa. Kuna tajiri anayetoa fungu la wavu kando, kuna anayekata mafuta kutoka upande wa mabaharia peke yao. Uliza kila kimoja. Uliza pia kama bei ni ya mnada wa kweli. Mchuuzi aliyemkopesha tajiri mashine huchukua samaki kwa bei ya chini ya soko mpaka deni liishe, na tofauti hiyo ni riba, ingawa hakuna anayeiita hivyo.

Kisha toka kwenye chombo. Orodhesha kila anayekula kutokana na safari hiyo: wabebaji, washona nyavu, wauza barafu, akina mama wanaochemsha na kuanika, wauza kuni na chumvi, mama lishe. Chagua wachache kwa kura kutoka kila kundi. Akina mama wasikose, na wasihojiwe waume zao kwa niaba yao. Mchemshaji anapata faida au hasara yake mwenyewe: bei ya ndoo mbichi, kuni, chumvi, mvua iliyomharibia, bei ya kilo kavu.

Dodoso la kaya liwe fupi. Wiki hii samaki wameliwa mara ngapi nyumbani? Kusi mnaishi kwa nini: shamba, mwani, bodaboda, kwenda dago? Madeni yako dukani au kwa tajiri? Mko kwenye kibati au upatu? Mara ya mwisho mmeuza kitu gani ili mle? Swali "kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani" lifute. Mtu wa fungu hajui mwezi, anajua safari.

Jambo moja zaidi, rahisi na lenye nguvu. Kila siku ya kupima andika bei ya kilo ya sembe na ya mchele katika duka la karibu na diko, kisha geuza fungu la baharia kuwa kilo za sembe. Shilingi hupanda bila maisha kupanda. Kilo za sembe kila mtu mkutanoni atazielewa.

Hatua ya 9. Piga hesabu

Jumla ya samaki kwa mwezi ni wastani wa kilo kwa safari, sifuri zikiwemo, mara wastani wa vyombo vinavyotoka kwa usiku, mara idadi ya siku za kuvua. Kwa mfano, kilo 260 × vyombo 14 × siku 18 = kilo 65,520. Anayetumia vyombo 20 vya daftarini na siku 30 za kalenda atapata 156,000, zaidi ya mara mbili. Piga kando kwa vyombo vya usiku na vya mchana, ndipo ujumlishe.

Kwa jumla ya samaki tumia wastani. Kwa maisha ya baharia tumia safari ya katikati: panga mafungu yote kutoka dogo hadi kubwa, chukua lililo katikati. Safari mbili za bahati hunyanyua wastani, wala hazimlishi aliyekosa usiku kumi.

Halafu weka mistari pamoja kwenye karatasi moja, mwezi kwa mwezi: kilo kwa safari, kilo kwa lita, urefu wa katikati, bei, fungu kwa kilo za sembe. Isome hivi:

- Kilo kwa safari zimesimama, kilo kwa lita zinashuka, samaki wanafupika: hali mbaya, hata kama diko limejaa.
- Kilo zinashuka, fungu limesimama: bei inaficha upungufu. Angalia wachemshaji, wao ndio wanaoumia kwanza.
- Kilo zinapanda, fungu linashuka: samaki wapo, tatizo ni bei, mafuta au madeni. Kufunga uvuvi hakutawasaidia hawa.
- Vyote vinashuka mwaka mmoja, urefu haujabadilika: subiri. Dagaa huishi muda mfupi na hufuata maji. Mwaka mbaya mmoja unaweza kuwa wa bahari, si wa nyavu.

Peleka karatasi hiyo diko kabla ya kuipeleka kwa wafadhili. Soma namba kwa sauti, uwaachie wabishe. Nahodha atakayesema "Machi mashine zote zilikuwa zinasubiri vipuri" amekuokoa na aya nzima ya uongo.

Ukikwama

*Nahodha hataki upime.* Mwache, andika "amekataa", nenda chombo kinachofuata. Wakikataa wengi kwa siku moja, tatizo liko kwingine: kuna operesheni imepita, au mtafiti wa kabla yako hakurudisha majibu. Rudi kwa mwenyekiti.

*Samaki wameuzwa kabla hujafika.* Chukua idadi ya ndoo kutoka kwa mnadi, andika kwamba imeulizwa na si kupimwa, na usipime urefu siku hiyo kwa chombo hicho. Samaki wa sokoni wamechanganyika.

*Uzito wa ndoo unaruka sana.* Unachanganya za kilele na za ukingoni, au msaidizi hatoi uzito wa ndoo. Simameni wote wawili mpime ndoo kumi, kila mtu na karatasi yake, kisha linganisheni.

*Mafuta yanatajwa sawa kila safari.* Nahodha anakupa jibu la mazoea. Uliza kwa muuza mafuta, au hesabu madumu yanapopakiwa jioni.

*Wavuvi wa dago wameondoka katikati ya mwezi.* Usijaze pengo kwa kukisia. Andika tarehe waliyoondoka, punguza idadi ya vyombo kuanzia siku hiyo, na pigia simu diko waliloelekea ili safari zao zisihesabiwe huku na huko.

*Kipato ulichopata ni kidogo kuliko matumizi ya nyumba.* Rudi kwenye kitoweo, samaki wa pembeni, na kazi ya mke. Kwa kawaida kimojawapo hukukiuliza.

*Unatakiwa utoe namba moja ya "samaki waliobaki baharini".* Kwa takwimu za diko peke yake hiyo hutaipata. Makadirio ya tani zilizoko majini yanataka chombo chenye mashine ya kupima makundi kwa mawimbi ya sauti, kazi ya taasisi za utafiti wa uvuvi kama TAFIRI (Tanzania), ZAFIRI (Zanzibar) au KMFRI (Kenya). Wape mfululizo wako wa mwaka mzima, wenye sifuri zake na lita zake.